Kadi ya Kumi na Moja

Kadi kumi na moja. Bi Gerhild Mohaupt alizihesabu kichwani tangu kituo cha tramu mpaka mlango wa ofisi, na alipofika mezani kwake hakuikuta hata moja.

Aliinua kile kioo kizito alichokuwa amezigandamizia jana yake. Chini yake palikuwa peupe. Akafungua droo: penseli, gundi, kipande cha mkate wa juzi. Akapiga magoti chini ya meza, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, akapapasa sakafu kama anayetafuta jino lililodondoka. Hakuna kitu.

Wacha nilitaje kosa lake mapema, maana ni kosa ambalo lingemtoka mtu wa kamusi tu, si mwingine. Pale Leipzig, ghorofa ya tatu, walikuwa wanatengeneza kamusi kubwa ya lugha yao, na kazi ile yote ilikwenda kwa kadi. Neno moja, kadi moja: juu neno lenyewe, katikati maana yake, chini mfano uliookotwa gazetini au kitabuni, na kwenye kona ya kulia herufi za jina la mwandishi pamoja na tarehe. Kadi milioni mbili zilikuwa zimelala kwenye makabati ya chumba cha nyuma. Na sheria ya nyumba ilikuwa moja, haimwonei mtu haya: kadi yoyote itakayokutwa juu ya meza baada ya saa kumi na nusu jioni, mtunza kadi ataichukua na kuipanga mahali pake.

Sasa mtunza kadi mwenyewe, mzee Traugott Hesselbarth, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi ule wa nne. Na desturi ya watu wale, mwenzao akioa au akistaafu, humtungia gazeti la utani na kumsomea mbele yake huku bia zinateremka. Wao wa kamusi hawakutunga gazeti. Walitunga kamusi ya utani. Edeltraud Zschau wa herufi K, ambaye kila shughuli ya ofisi lazima aikalie mbele, alikuwa ameshapita meza kwa meza.

"Maneno matatu kila mmoja, jamani! Ya kuchekesha. Lakini msije mkatupeleka pabaya!"

Bi Gerhild alimwandikia matatu ya kistaarabu. Mstaafu: mtu ambaye hatimaye ana muda wa kutosha wa kupanga foleni. Edeltraud akacheka, akachukua, akaenda zake. Ingeishia hapo, ningekuwa sina cha kusimulia. Lakini mkono ulikuwa umeshaonja utamu. Bi Gerhild alikuwa mtu wa herufi W, na katika lugha yao herufi hiyo imebeba mengi: kusubiri, uchaguzi, soseji, maji, nyumba ya kukaa, ukuta wa kinga kule mpakani, sisi, mzaha. Miaka ishirini na miwili alikuwa anayapa maneno hayo maana ambazo Ndugu wa juu chamani wangeweza kuzisoma bila kukunja uso. Jumatano ile, watu wakiwa kantini, alichukua kadi tupu akaanza kuyapa maana alizozijua.

Kusubiri: kazi ya pili ya kila mwananchi, hufanywa kwa kusimama.

Soseji: nyama iliyopitia vikao vingi mpaka haikumbuki tena ilikuwa mnyama gani.

Uchaguzi: siku ya kukunja karatasi, mshindi huarifiwa mapema ili asishtuke.

Nyumba: zawadi ya harusi, hufika pamoja na mjukuu wa kwanza.

Ukuta wa kinga: kizuizi dhidi ya adui wa nje, walinzi wake hutazama ndani.

Sisi: mimi, nikiwa naogopa.

Alikuwa anacheka peke yake, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Akaenda hivyo mpaka ya kumi na moja: Mzaha: kitu ambacho mmoja hukisema, wawili hukicheka, na wa tatu hukiandika. Na kwenye kila kadi, kona ya kulia, akatia G.M. na tarehe. Hakufikiri. Mkono ulishazoea, hata ungemwambia aandike orodha ya sokoni, chini angetia G.M. na tarehe.

Kisha simu ikalia. Alikuwa Almut, binti yake wa pekee, anapiga kutoka posta, anapiga kelele kama mtu yuko motoni.

"Mama! Barua imekuja! Wamenichukua, Mama! Udaktari! Mwezi wa tisa naanza!"

Miaka miwili Almut alikuwa anamwaga vyombo vya wagonjwa hospitalini kwa sababu mara ya kwanza waliandika kwamba nafasi zimejaa. Miaka miwili anarudi nyumbani mikono inanuka dawa, anafungua vitabu vyake vya mifupa juu ya meza ya jikoni, na mama yake anajifanya haoni jinsi anavyosinzia. Bi Gerhild alinyakua koti, akakimbilia tramu. Kadi zikabaki chini ya kioo.

Sasa zimepangwa. Kumi na moja ndani ya milioni mbili, kila moja na jina lake mwenyewe pembeni. Kwa ile ya ukuta peke yake watu walishakwenda ndani miaka miwili. Lakini si jela iliyomkausha mate. Ilikuwa barua ya Almut. Mtoto wa mtu wa namna hiyo hawi daktari. Wangemwandikia barua nyingine, fupi zaidi, na safari hii wasingejisumbua kusema nafasi zimejaa.

Chumba cha kadi kilinuka karatasi kuukuu na kahawa ya shayiri. Mzee Hesselbarth alikuwa amekaa kwenye kimeza chake, koti la kijivu, vidole vimejaa gundi, anakula mkate wa mafuta ya nguruwe na kipande cha tango.

"Leo umewahi, Bi Mohaupt."

"Natafuta mfano, mzee. Wa neno maji."

"Maji yako droo ya nne. Wewe umefungua ya kwanza."

"Naanzia mwanzo."

"Haya, anzia. Mimi nilianzia mwanzo miaka ishirini na minne iliyopita, mpaka leo sijaona mwisho."

Alipekua droo moja baada ya nyingine. Uchaguzi aliukuta umenyooka kati ya mfano wa gazeti la chama na mfano wa mwanafalsafa wa zamani, umekaa kwa heshima zote, mtu angeapa ni kadi ya halali. Akaitelezesha ndani ya mkono wa sweta. Kusubiri ikatoka. Nyumba ikatoka. Ukuta ukatoka. Sisi, na soseji, na nyingine. Kufika saa sita mchana alikuwa na kumi, mkono wa sweta umetuna. Akafungua droo ambayo mzaha ulipaswa kuwamo. Mizaha ilikuwemo mingi, ya miaka mia mbili, yote ya watu wengine. Akaipitia mara tatu. Yake haikuwemo.

"Mzee," alisema, "jana jioni kadi zangu ulizikusanya wewe?"

"Nilikusanya za watu wote. Sheria ndiyo hiyo."

"Ulizisoma?"

Mzee Hesselbarth alifuta vidole kwa leso, taratibu, kimoja kimoja. "Bi Mohaupt, kadi milioni mbili. Ningekuwa nazisoma, sasa hivi ningekuwa bado niko kwenye A." Kisha akakohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa kama kicheko kilichozibwa njiani. Bi Gerhild alikisikia, na hakukisahau.

"Wiki tatu tu zimebaki," mzee aliendelea, akibadilisha mazungumzo. Akatoa picha kwenye pochi: mwanamke mnene, kofia ya majani, nyuma yake mto. "Dada yangu Lina. Yuko Lübeck, upande wa pili wa mpaka. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kabla hawajafunga mpaka, miaka kumi na miwili hiyo. Mwezi wa sita nakwenda. Sisi wastaafu wanaturuhusu, unajua. Tukipotelea huko wao wanabaki na pensheni, nani atatulilia?" Akacheka, akabusu picha kidogo, kwa aibu, akairudisha mahali pake.

"Utafurahi sana, mzee," alisema Bi Gerhild. Mawazo yake yalikuwa kwenye ile kadi.

Jioni ile alizichoma kumi zote katika jiko la makaa, ile ya sisi ikawa ya mwisho.

"Mama, unachoma nini? Kuna jua nje."

"Barua za baba yako."

"Si ulishazichoma mwaka juzi?"

"Zilibaki."

Almut alimwangalia, akatikisa kichwa, akarudi kwenye viazi vyake na jibini laini na mafuta ya kitani. Alikuwa ameibandika barua ya chuo ukutani juu ya sinki, mahali ambapo kila anayeosha chombo lazima aisome. Bi Gerhild aliosha vyombo siku zile na macho kayafumba.

Siku kumi zikapita. Jamani, msione siku kumi ni kidogo. Mtu akipanda ngazi nyuma yake, Bi Gerhild anasimama kumpisha kwanza. Simu ikilia meza ya jirani, kalamu inamtoka. Edeltraud akimwita kwa mbali, anaruka. Alianza kuwachunguza wenzake mmoja mmoja. Nani aliyenyamaza alipoingia? Nani aliyemsalimu kwa uchangamfu uliozidi? Na kila alipopita chumba cha nyuma mzee Hesselbarth alimwinamia kichwa, akatabasamu tabasamu dogo la mtu anayejua jambo. Anajua nini? Kaipeleka wapi? Usiku halali, mchana hali. Almut akaanza kumpima joto la mwili kwa mazoezi.

"Huna homa, Mama. Wewe una woga. Sasa hapa anayekwenda kusoma ni mimi au wewe?"

"Mimi naogopa kwa ajili yako, mwanangu."

"Basi acha. Mwenyewe siogopi."

Jumatatu ya pili yake akaitwa kwa Ndugu Krahl.

Ndugu Krahl alikuwa na chumba ghorofa ya kwanza, mlango wake haukuandikwa kitu. Kazi yake iliyotangazwa ilikuwa kutunza mafaili ya wafanyakazi. Kazi yake nyingine haikutangazwa, lakini kila mtu aliijua, maana akiingia kantini watu wote wanaanza kuisifu supu. Hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na sauti laini na mafua yasiyopona.

"Karibu, Bi Mohaupt. Kaa. Kahawa?"

"Ahsante, nimeshakunywa."

Mbele yake palikuwa na faili la kahawia, limefungwa, na kiganja chake kimelala juu yake. Bi Gerhild hakuona kingine chumbani mle. Faili tu, na kile kiganja.

"Bila shaka unajua kwa nini nimekuita," alisema Ndugu Krahl.

Kauli hiyo alimwambia kila mtu aliyekaa kwenye kiti kile, hata aliyekuja kuomba likizo. Bi Gerhild mwenyewe alishaisikia habari hiyo, alishawahi hata kuichekea. Lakini siku ile masikio yake hayakuwa na nafasi ya kucheka. Aliiona kadi ndani ya faili, aliuona mwandiko wake, aliiona G.M.

"Ulikuwa mzaha tu," alisema.

Ndugu Krahl hakufungua faili. Baada ya muda akaingiza vidole mfukoni, akatoa kalamu, akaifungua polepole.

"Mzaha," alisema. "Haya. Hebu tuuzungumzie huo mzaha."

Akamwambia. Loo, alimwambia yote! Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka: kamusi ya utani, mchana ule wa Jumatano, kadi kumi na moja, simu ya Almut, jiko la makaa. Alisema aliandika kwa ujinga, kwa uchovu, kwamba yeye anaipenda nchi yake. Ndugu Krahl aliandika bila haraka, mara moja moja akipenga kamasi.

"Nani mwingine alizisoma?"

"Hakuna."

"Hakuna. Kwa hiyo kadi zilitembea zenyewe mpaka makabatini."

Bi Gerhild alilitazama faili.

"Binti yako anaanza mwezi wa tisa, eti?" aliuliza Ndugu Krahl kwa upole kabisa. "Udaktari. Vizuri sana. Nchi inahitaji madaktari."

Akaishusha kalamu kwenye karatasi, akangoja.

"Mtunza kadi," alisema Bi Gerhild. "Mzee Hesselbarth ndiye aliyezipanga."

"Alizisoma?"

Akakikumbuka kile kikohozi. Akayakumbuka yale matabasamu. Huyu mzee ndiye aliyeniuza, alijiambia, nani mwingine? Na hata kama si yeye, anastaafu, hana kazi ya kupoteza, hana mtoto. Watamfanya nini? Mto wa Lübeck na kofia ya majani vilimjia kichwani, akavifukuza.

"Nadhani alizisoma. Alicheka."

"Alicheka, au unadhani alicheka?"

"Alicheka."

"Andika basi. Kwa maneno yako mwenyewe. Wewe ni mtu wa maneno."

Akaandika, nusu ukurasa, mwandiko mzuri ulionyooka. Chini, kona ya kulia, akatia G.M. na tarehe. Ndugu Krahl akaomba radhi, akamwambia aandike jina kamili.

"Usiwe na wasiwasi," alisema. "Kadi zimeungua, wewe umesema ukweli, ni mtu wa manufaa. Tutazungumza tena mara kwa mara." Kisha akafungua lile faili la kahawia, akatoa karatasi moja, akaisukuma mbele. "Na saini hapa. Fomu ya mzazi, ya chuo cha binti yako. Wanauliza kama mna ndugu upande wa pili wa mpaka."

"Hatuna."

"Basi andika hamna. Hiyo tu."

Bi Gerhild alitoka hajijui hajitambui. Nimepona, alijiambia. Almut amepona. Jioni ile kwa mara ya kwanza aliosha vyombo macho wazi, akaisoma barua ya chuo kuanzia tarehe mpaka muhuri.

Shughuli ya kumuaga mzee Hesselbarth ilifanyika Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, ndani ya chumba cha kadi. Palikuwa na bia, saladi ya viazi, na soseji zilizokatwakatwa ili zionekane nyingi. Edeltraud alipanda juu ya kiti akasoma kamusi ya utani. Alipofika kwenye mstaafu na foleni, mzee alicheka mpaka akatoa leso. Ndugu Krahl naye alikuwepo, karibu na mlango, sahani mkononi, na alicheka pia, kwa kiasi. Bi Gerhild alikuwa anacheka pale wengine walipocheka na kuacha pale walipoacha.

Watu walipozama kwenye saladi, mzee Hesselbarth akamjia. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili yenye gundi, akaushikilia, na Bi Gerhild akahisi kitu kigumu kimebaki kiganjani mwake.

"Usitazame sasa," alisema mzee kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Bi Mohaupt, miaka ishirini na minne sijawahi kuiba kadi. Hii niliiba."

"Kadi gani?"

"Ile ya kumi na moja. Jioni ile nilipozikuta mezani kwako nilitaka kuzirarua. Halafu nikasema, hapana, meza za watu zinapekuliwa, mapipa ya taka yanapekuliwa, lakini nani atapekua kadi milioni mbili? Hakuna mahali salama kama makabati yangu nchi hii nzima. Nikazipanga. Nilijua utakuja asubuhi kuzitoa, na ulikuja." Akakohoa kile kikohozi chake. "Ila hii moja sikuweza kuiachia. Mimi sijacheka hivyo tangu Lina aondoke. Nikairarua kona yenye jina lako, kadi yenyewe nikaiweka ndani ya kofia. Kila jioni naisoma, nacheka peke yangu kama mwehu. Nilitaka niwe nayo, ukumbusho."

"Hukumwonyesha mtu?" aliuliza Bi Gerhild.

"Nimwonyeshe nani? Wewe una binti, mimi nina akili. Wala nisingekurudishia, ni kwa sababu ya safari tu. Mpakani wanakuvua mpaka soksi, siwezi kuvuka nayo." Akamfinya mkono. "Fomu ya ruhusa nimeshapeleka. Tarehe mbili mwezi wa sita, treni ya asubuhi. Nikuletee kahawa? Kahawa ya kweli, si huu uji tunaokunywa hapa."

Bi Gerhild alimtazama. Kisha macho yake, bila kutumwa, yakaenda mlangoni, kwa Ndugu Krahl, aliyekuwa anatafuna. Hakuwa na kadi. Hakuwahi kuwa na kadi. Ndani ya lile faili la kahawia kulikuwa na karatasi moja tu, fomu ya Almut, na hicho tu ndicho Bi Gerhild alichoitiwa. Yote mengine alimpelekea yeye mwenyewe, kwa miguu yake, hakuna aliyemwuliza. Alitamani sakafu ipasuke immeze, na kabati la herufi W limwangukie juu.

"Ahsante, mzee," alisema. "Kahawa nitafurahi."

Jumatatu aliteremka mpaka ghorofa ya kwanza. Alikuwa ameyapanga maneno: nilikosea, mzee hakusoma, hakucheka, nilidhani tu, naomba ile karatasi. Alisimama mbele ya mlango usioandikwa kitu, akainua mkono abishe. Ndani kiti kilisogea, mtu akapenga kamasi. Mkono ukabaki hewani. Alifikiria barua iliyobandikwa juu ya sinki. Akateremka ngazi zilizobaki, akatoka nje, akazunguka jengo mara mbili kwenye mvua nyembamba, akarudi juu kwenye meza yake.

Tarehe mbili mwezi wa sita ikaja ikapita. Tarehe saba mzee Hesselbarth alitokea ofisini, amevaa suti ya safari, na kofia. Watu wengine walikuwa kantini. Akavuta kiti, akaketi mbele ya meza ya Bi Gerhild kama mtu aliyetembea mbali.

"Wamenikatalia," alisema.

"Mzee!"

"Niliuliza sababu. Yule binti wa dirisha la vibali akasema sababu hazitolewi. Nikamwambia, mwanangu, nilikuwa mtunza kadi, sijawahi kugombana hata na paka. Akasema, anayefuata aje." Akavua kofia, akaiweka magotini, akaanza kuizungusha. "Lina alikuwa ameshanunua godoro. Ameniandikia. Godoro jipya, kwa ajili yangu. Ana moyo mbovu, yule. Mwakani sijui."

Machozi yalimjaa Bi Gerhild, akayazuia, maana yangetaka maelezo.

"Nimekuja kuomba kitu," alisema mzee. "Ile kadi. Kama hujaichoma, nirudishie. Sasa siendi popote, hakuna mpaka wa kuniogopesha."

Hakuwa ameichoma. Sijui kwa nini. Na yeye hakujua. Kila jioni alifungua mlango wa jiko, na kila jioni akaufunga. Ilikuwa ndani ya mkoba, nyuma ya picha ya Almut. Akaitoa. Mzee akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ndogo, neno kwa neno, kama anayeihakiki kabla haijaenda kupigwa chapa.

"Mmoja hukisema. Wawili hukicheka. Na wa tatu hukiandika." Safari hii hakukohoa. "Unajua, Bi Mohaupt, mimi nilikuwa mpangaji tu, maana ya maneno si kazi yangu. Lakini hapa umekosea hesabu. Huu mzaha tulikuwa nao watu wawili. Wewe uliyeusema na mimi niliyeucheka. Sikumwambia mtu, na wewe una mtoto, huwezi kumwambia mtu." Akainua macho, mekundu kidogo, na ndani yake hamkuwa na hasira, mlikuwa na swali tu. "Sasa huyo wa tatu ametoka wapi?"

Bi Gerhild alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, fupi, la kweli. Kule chini, ghorofa ya kwanza, mlango ukafunguliwa, mtu akapenga kamasi, na hatua zikaanza kupanda ngazi.

"Sijui, mzee," alisema. "Hata sisi tunajiuliza."